Kikombe cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Maji ya uvuguvugu, glasi mbili. Papai nusu. Kila tonge nimelitafuna mpaka taya zikachoka. Saa nne tumbo limeanza tena, likinguruma mbele ya mteja aliyekuja kupimwa suruali. Nimekimbilia chooni na tepu shingoni. Niliporudi hayupo.

Wiki ya tatu hii. Sielewi.

Jumanne, 4 Machi

Zahanati. Choo, damu, vidonda vya tumbo, vyote nimepimwa. Safi. Daktari, binti mdogo tu, kanipa kazi: niandike kwenye daftari kila ninachokula, nimpelekee Jumanne ijayo. Pilipili niache, soda niache, jioni nitembee. Soda niliacha zamani. Pilipili sijawahi kuipenda. Niache nini sasa?

Baba alikufa kwa tumbo. Alianza hivihivi, kunguruma na kukonda. Suruali zangu mbili nimezipunguza kiuno mwenyewe pale cherehani. Mke wangu hajui. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Daftari la daktari: ugali wa dona, dagaa, mchicha, chungwa. Nimetembea barabara ya Magu mpaka nje kabisa ya Kisesa na kurudi.

Asubuhi Mama mkwe aliweka kikombe chake cha maziwa mlangoni, akakohoa, akaondoka. Yuko kwetu tangu katikati ya Februari, anatibiwa macho. Kwetu Wasukuma mtu hakai na mama mkwe wake wala hali naye. Kikombe ndiyo salamu yetu. Nimekunywa chote. Kwenye daftari sijakiandika. Cha mkwe ni heshima, si chakula.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kamwambia mama yake kuhusu tumbo. Sasa vikombe ni viwili, asubuhi na jioni. Maziwa freshi yanatuliza tumbo, kila mtu anasema. Leo nimeshinda chooni.

Ijumaa, 7 Machi

Vibaya. Nimechemsha mwarobaini. Uchungu wake hausemeki.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaenda Magu tangu jana alfajiri, kuna msiba. Tumbo kimya siku mbili. Nimekula wali na sato. Kanisani nimekaa mpaka mwisho wa ibada. Mwarobaini kweli ni dawa.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe karudi. Kikombe kimerudi. Tumbo nalo limerudi. Mwarobaini umenisaliti. Nimemgombeza mke wangu eti anazidisha mafuta kwenye dagaa. Hazidishi. Nimemwonea bure.

Jumanne, 11 Machi

Daktari kasoma daftari lote.

"Baba, humu hamna cha kukuumiza. Hunywi kitu kingine?"

Nimesema hakuna. Kauliza hata maziwa? Nimesema yapo, ila ni ya mkwe.

"Kwa hiyo ya mkwe hayaingii tumboni?"

Kasema kuna matumbo ya watu wazima yanayokataa maziwa freshi. Niache wiki moja, nirudi anipime uzito. Nisipopona, kuna vipimo vingine hospitali ya mjini.

Nimetoka pale mwepesi. Kufika nyumbani nimekuwa mzito. Nani atamwambia? Kikombe cha mkwe kinarudi kitupu, kikirudi kimejaa ni tusi. Nimewaza bora niendelee kuugua. Kweli nimewaza hivyo, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimekunywa. Mjinga.

Mchana tumbo limenikata mpaka nikamwona baba, jinsi alivyokuwa akikaa amejikunja ukutani. Nimefunga duka. Nimemweleza mke wangu yote, na suruali nimemwonyesha. Kaugusa mshono wa kiuno kwa kidole, kalia. Halafu kakasirika.

"Mama anajua unayapenda. Siku ya kwanza ulipokuja kwetu ulimaliza kibuyu kizima."

Nilimaliza kwa woga. Miaka thelathini wanaamini napenda maziwa. Na bibi wa watu, kwa macho yale, kila alfajiri anapanda mlimani kwa mfugaji kunifuatia maziwa. Sijui nimwonee nani huruma. Mke wangu kaingia chumbani kwa mama yake, kafunga mlango.

Alhamisi, 13 Machi

Kikombe mlangoni. Kikohozi. Nikajua hakuambiwa.

Nimefunua. Maji ya uvuguvugu.

Safari hii hakuondoka. Kasimama nyuma ya ukuta, nisimwone, kasema. Siku zote hizi hajawahi kuniambia zaidi ya salamu.

"Baba Kulwa, hata mimi yananisumbua. Nilikuwa nakunywa ili usinywe peke yako."

Nimeitikia "Ndiyo, mama."

Alhamisi, 20 Machi

Siku nane, tumbo kimya. Uzito umepanda kidogo. Daktari kasema nirudi tena mwezi ujao, nami nitarudi. Suruali sijazifumua bado.

Kwenye daftari lake leo nimeanza na hiki: maji, kikombe kimoja, cha Mama mkwe.