Kikohozi cha Kwenye Migomba

Tata,

Hili ndilo neno la kwanza ninalokuambia, baba. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mkweo hapa Mwaya, na mwiko wetu unaujua: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hata jina lake halitamki. Ndiyo maana na leo siliandiki. Nikisikia unakuja, natupa jembe, najibanza kwenye migomba, kanga usoni, mpaka upite. Nilichokijua kwako ni miguu.

Na kikohozi. Ukikaribia tu, unakohoa mara tatu, kwa nguvu, moyo wangu unaruka. Nilijua unanichukia. Nikasema, huyu mzee ananikoholea kama anafukuza kuku kwenye mpunga! Basi nikaufunga moyo, na nikawafungia hata wasiohusika. Mwanao nilimpikia, nilimfulia, ila neno la ndani sikumpa. Watoto niliwalea kwa ukali. Mtu akinisogelea, natafuta mgomba.

Siku tuliyokuzika, Mama, mkeo, alinishika mkono. "Njoo umwone baba yako. Leo mwiko umekwisha." Nikainama. Ulikuwa na uso wa Ambokile, kifungua mimba wangu! Kidevu kile kile chenye kishimo, nyusi zile zile zinazokutana. Uso wako nimeuzaa, nimeunyonyesha, nimeupaka mafuta, na sikujua ni wako. Lakini machozi hayakutoka. Wanawake walinong'ona, na sikuwalaumu.

Yalitoka mwezi uliopita, tukianika kakao na Mama. Mambo yamebadilika, Tata. Wanunuzi binafsi wanaleta magari mpaka uani, na maduka ya Kyela mjini yana sabuni za kila rangi, sisi tuliofulia majani ya mpapai. Katika maongezi hayo, nikificha kinyongo changu, nikasema, "Angalau kifua cha mzee kimepumzika."

Mama akaacha kugeuza kakao. "Kifua kipi? Baba yako hakuumwa kifua hata siku moja. Alikuwa anakukoholea wewe. Si ulimkimbia ukaanguka na ndoo, una mimba ya Ambokile? Akasema, mtoto wa watu ataumia, lazima ajue mapema kwamba nakuja."

Nilikumbuka ile ndoo. Tangu siku ile sikuanguka tena.

Miaka yote hiyo! Hata mvua ya masika ikikupiga, mkungu wa ndizi begani, unasimama kwanza, unakohoa. Mimi nimenuna nyuma ya mgomba, na wewe unanilinda. Nililia mpaka Mama akasema nitazilowesha kakao. Jioni nikamweleza mwanao yote, na mengine ya moyoni ambayo sikuwahi kumwambia. Alinisikiliza mpaka wali ukapoa.

Ambokile anatuletea mke hivi karibuni. Wengine wanasema mwiko huu umepitwa na wakati, wataamua wenyewe. Ila mwanao, atakayekuwa baba mkwe, ameshaanza kujifunza kukohoa akifika kwenye kona, na anakohoa vibaya, tunamcheka. Nakuahidi hivi: kabla binti hajatua mzigo wake, nitamwambia kikohozi kile kina maana gani. Hatangoja msiba ndipo ajue kwamba anapendwa.

Pumzika, Tata. Siku hizi nikienda kaburini kwako sijifichi. Nikifika kwenye migomba nasimama, nakohoa mara tatu, halafu nakuja.

Ndaga fijo. Asante sana.

Mkweo