Sentimita Kumi za Stesheni ya Masasi

Masasi,
9 Agosti 1993

Mdogo wangu Mama Gasper,

Kosa la watu wengi wanapopanga kitu chumbani ni kupima kuta na kusahau mlango, na tumbo la mwenye nyumba linalopaswa kupita hapo. Lakini salamu kwanza. Shikamoo yako nimeipokea kwa Lois wa kanisani, marahaba sana. Magoti yananiuma, mengine hayajambo. Habari za Newala na baridi yake? Maji mnapata?

Najua Gasper amefika kwako na mbao zake. Nieleze mimi, maana yeye akieleza hurukaruka. Zile treni ndogo za umeme alizitoa kwenye robota la mitumba, siku hizi za soko huria ambapo kila takataka ya Ulaya ina mnunuzi pale stendi. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili! Akataka kuijenga reli yetu iliyong'olewa, ndani ya kile chumba alichofia baba.

Nilimwambia meza moja kubwa haipiti mlangoni. Atengeneze vipande vinane, kila kimoja kibebwe na mtu mmoja, viungwe kwa bolti, na reli zikutane sawasawa ukingoni, la sivyo treni inaanguka. Kipande cha mlangoni kiwe cha kuinuliwa. Alifuata, kwa shingo upande. Chumba alikipima kwa futi kamba yangu, mbao akazikatia kibandani kwake kwa futi kamba yake mpya ya dukani. Kipande cha mwisho ni stesheni ya Masasi. Ukingoni kabisa ameweka kibanda alimokuwa baba akiongoza treni, na baba mwenyewe, urefu wa njiti ya kiberiti, ameshika bendera.

Siku ya kuvipanga, kipande hicho kikagoma. Kimezidi sentimita kumi. Nilicheka mbele ya watu, nikasema hiki ndicho kizazi cha soko huria: kinanunua bila kuuliza, kinakata bila kupima. Jirani yangu Sikudhani akadakia kwamba treni imefika ila stesheni imekataa kuipokea. Gasper alijibu kwa upole kwamba, Mjomba, nilipima mara mbili. Nikamwambia mjinga hupima mara mbili akakosea mara mbili. Akafungasha, akasema anakwenda kwa mama yake kuikata stesheni kwa msumeno wa marehemu baba yake.

Sasa nisikilize. Futi kamba yangu haina mwanzo. Ilikatika nilipokuwa bado nafundisha, inaanzia kumi. Mimi huzitoa zile kumi kichwani bila kufikiri, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu ya nyumbani kwake. Gasper sikumwambia. Na nilikumbuka palepale, Sikudhani akiwa bado anacheka, nami nikaendelea kucheka naye.

Tangu jana nachimba ukuta wa udongo upande wa dirisha. Sentimita kumi zimepatikana. Sikudhani aliniuliza nachimba nini, nikamweleza ukweli. Amecheka kuliko siku ile.

Wasalimie Alfredi na wote wa Makote. Barua hii anaileta Lois mwenyewe kwa gari la asubuhi. Leo hii, mnyang'anye mwanao msumeno.

Kaka yako,
Nehemia