Kompyuta Iliyonyamaza Siku ya Mtihani

Huruma, Eldoret

Kwa dada yangu Akinyi,

Nakusalimu sana, nyamera, dada yangu, wewe na wote mnaoamkia hapo nyumbani. Mama anaendeleaje na miguu yake? Juzi kwenye simu aliniambia amepona, lakini nilimsikia akishusha pumzi wakati wa kukaa, nikajua ananificha. Mwambie nimesema maji yachotwe na wajukuu. Na wewe, bado unabeba lile darasa la watoto wadogo peke yako? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Mvua ikianza kupiga mabati ya hiki chumba changu, mimi na jirani hatusikizani hata tukipiga kelele.

Najua unangoja jibu. Mara ya kwanza ulipouliza nilisema nitakupigia, mara ya pili nikasema niko kazini, na juzi nikakukatiza kwa kukuuliza habari za shamba. Ile programu ya kuharakisha kompyuta, ambayo nilikuwekea mimi mwenyewe nilipokuja Krismasi, sasa inakuonyesha maandishi mekundu kila ukiwasha. Inakwambia kompyuta ni mgonjwa, na kwamba ukilipia toleo lake kubwa itapona. Unataka kujua ulipie ama uache.

Usilipie, dada. Itoe kabisa. Ningekwambia hivyo kwa simu, lakini ungeniuliza, "Kwani si wewe uliyeisifu?" na hapo ndipo ulimi wangu ungekwama. Kwa hivyo nimeamua kuandika, nimpe binamu yetu Otieno akuletee, ili ujue kilichotokea.

Unajua nafanya kazi mjini katika duka la kompyuta la Mzee Kamau, yule bosi wangu aliyehamia huku kutoka Murang'a akiwa kijana. Mtu akituletea kompyuta inayojikokota, huwa tunaweka hiyo programu. Inazunguka, inahesabu makosa, halafu kila kitu kinakuwa kijani na mteja anatabasamu. Kusema ukweli nilikuwa nimeshaona kwamba wengi wanarudi na kilio kilekile. Siku moja nilimwambia Mzee Kamau hivyo, akacheka.

"Kijana, mteja anapenda kuona kitu kikizunguka," akasema. "Ukimwambia umetoa vumbi tu, ataona hujafanya kazi."

Nikaendelea kuiweka. Ndiye aliyenipa kazi wakati hakuna mwingine aliyenitaka, na baada ya muda hata mimi nikaanza kupenda ile rangi ya kijani.

Kuna mwalimu mmoja anaitwa Jerotich, anakaa Kiplombe na mama yake mzazi. Ni rika lako. Anafundisha historia katika shule ya sekondari, na haoni. Aliugua akiwa mtoto, macho yakaenda. Kompyuta yake ina programu inayomsomea kila kitu kwa sauti. Yeye hutumia kibodi peke yake, na ile sauti humsomea kwa kasi, kama dalali wa mnada. Mimi nikisikiliza sishiki hata neno moja, lakini yeye anacheka kabla sentensi haijaisha.

Alikuja dukani na mama yake, akaweka kompyuta mezani.

"Ouma, sauti inakwamakwama," akasema. "Inasoma neno moja, inanyamaza, halafu inakimbia. Na nina mtihani wa mwisho wa ule ushauri nasaha ninaousomea. Naufanyia nyumbani kwa intaneti, saa ikifika unafunguka, ikiisha unajifunga wenyewe. Sitaki ikwame katikati."

"Mwalimu, hiyo ni kazi ndogo," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno yangu, dada, na bado nayasikia.

Niliiweka ile programu. Ikaniuliza kama nataka usafi wa kawaida au wa kina. Nikachagua wa kina, kwa sababu nilitaka kumfanyia vizuri kuliko wateja wengine. Ikazunguka, ikazima vitu ilivyosema ni mzigo, ikafuta ilivyosema ni takataka. Ikawa kijani. Nikaizima na kuiwasha tena, ikawaka haraka kweli, nikafungua faili mbili tatu, nikaona iko sawa, nikafunga kifuniko. Niliipima kwa macho. Kompyuta ya mtu asiyeona, mimi nikaipima kwa macho!

Nikaipeleka Kiplombe mwenyewe. Mwalimu alikuwa bado shuleni, nikapokelewa na mama yake, akanipa chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha. Nilipokuwa natoka nikamwambia, "Mama, mwambie Mwalimu iko tayari, asiwe na wasiwasi." Baadaye Jerotich aliniambia kwamba jioni ile alitaka kuiwasha aijaribu, lakini mama akamwambia, "Fundi amesema usiwe na wasiwasi, lala upumzike." Akalala.

Siku ya mtihani mimi nilitumwa Moi's Bridge, kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi ambaye mashine yake ya kuchapisha risiti ilikataa kazi, na malori yalikuwa yamepanga foleni nje. Nikiwa nimepiga magoti chini ya meza simu ikatetemeka. Nikaona jina la Mwalimu Jerotich. Nikajiambia, huyu amemaliza mtihani, anataka kunishukuru. Shukrani zinaweza kungoja. Nikairudisha simu mfukoni, dada, tena nikitabasamu. Ikatetemeka tena, na tena. Nikaiacha.

Nilipomaliza kazi nikampigia. Hakunisalimu.

"Ouma, haiongei," akasema.

"Umejaribu kuongeza sauti, Mwalimu?"

"Nimejaribu kila kitu. Mtihani umefungwa."

Nikakata simu nikiwa sijui niliongea nini mwishoni. Nilimpigia Mzee Kamau kumwambia siwezi kurudi dukani moja kwa moja, nikamweleza sababu. Akasema, "Mwambie ni virusi. Virusi huingia hata usiku. Hakuna mtu atakulaumu kwa virusi."

Nilifika Kiplombe jua likiwa limeshaegemea magharibi. Mama yake ndiye aliyenifungulia mlango, na ndiye aliyenieleza yaliyotokea, akiwa amesimama katikati ya nyumba.

"Alikaa hapo mapema, amevaa vizuri kama anaenda kanisani," akasema. "Akawasha. Akaniuliza, 'Mama, imewaka?' Nikamwambia imewaka, naona picha ya maua. Akaniuliza, 'Mbona haiongei?' Mimi nitajua? Akasema nimsomee kilichoandikwa. Mimi sikusoma, kijana. Nikamwambia kuna rangi ya bluu, kuna maandishi, kuna kamshale. Akawa anabonyeza tu. Nikakimbia kwa jirani kutafuta mtu anayejua kusoma, nikakuta kumefungwa, wote wameenda kazini. Niliporudi alikuwa ameacha kubonyeza."

Jerotich alikuwa ameketi mbele ya ile kompyuta, mikono juu ya mapaja. Nikakaa kando yake kwenye kigoda. Nikaanza vile nilivyofundishwa.

"Mwalimu, unajua, wakati mwingine virusi..."

"Ouma," akanikatiza, "kulikuwa na virusi?"

"Hapana."

"Kulikuwa na nini?"

Nikamwambia. Ile programu ya usafi iliona ile sauti yake inajiwasha kila mara kompyuta inapowaka, ikaihesabu kuwa mzigo unaopunguza kasi, ikaizima. Halafu ikazima kabisa na huduma ya sauti ya kompyuta nzima, kwa hivyo hata ile sauti ya akiba ambayo yeye anajua kuiita kwa kibodi haikuweza kuitika. Kompyuta ilikuwa na kasi kuliko zamani. Ilikuwa bubu tu.

"Kurudisha ni kazi kubwa?" akauliza.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Maana haikuwa kazi kubwa. Nilirudisha kila kitu kabla chai aliyomimina mama haijapoa. Mtu yeyote mwenye macho, akielekezwa kwa simu, angeweza kufanya asubuhi ile ile. Mimi ningemwelekeza yeye, hata mama yake ningemwelekeza kwa rangi na mahali pa kubonyeza, kama ningeshika simu.

Ile sauti iliporudi, Jerotich hakufurahi wala hakukasirika. Akasema, "Sasa izime. Kisha uiwashe ukiwa umefumba macho."

Nikafumba. Nikabonyeza, nikangoja. Dada, sijui nikwambie vipi jinsi huko kungoja kulivyokuwa kurefu gizani, hujui kama kitu kimewaka ama kimekufa. Nikaelewa kidogo asubuhi yake ilivyokuwa. Sauti ilipoongea, nilishtuka, na machozi yakanitoka. Mama yake akaona, akageuka akaenda jikoni.

Tuliandikia chuo pamoja. Mimi nilieleza kosa ni la fundi na si la mwanafunzi, nikaweka jina langu. Wakajibu kwa heshima kwamba wanasikitika, lakini mwanafunzi ndiye anayepaswa kuhakikisha kifaa chake kinafanya kazi. Angoje mtihani ujao. Na nafasi ya mshauri wa wanafunzi pale shuleni, aliyokuwa ameahidiwa akipata cheti, haikumngoja. Amepewa mwalimu mwingine. Jerotich aliniambia hayo kwa simu, kwa sauti ya kawaida kama anayenieleza habari ya mvua, kisha akanitakia siku njema.

Nilimwomba anipe tena ile kompyuta. Niliifungua, na unajua nilipata nini? Vumbi lilikuwa limeziba feni, inapata joto hadi inajipunguza mwendo yenyewe. Diski ni ya zamani na imejaa. Nikapuliza vumbi, nikaweka diski mpya ya ile aina ya kisasa, nikahamisha vitu vyake vyote, nikamkalisha dukani avae vipokea sauti aipime kwa masikio yake kabla hajaondoka. Inakimbia sasa. Ndiyo dawa iliyotakiwa tangu mwanzo, na haina rangi ya kijani wala kitu cha kuzunguka.

Kwa hivyo hata yako, dada, ifanyie hivyo. Yale maandishi mekundu ni ya kukutisha ulipie. Mengi ya hayo "makosa" ni vijifaili tu visivyomdhuru mtu. Itoe hiyo programu. Toa na zile nyingine usizozitumia. Picha na video ambazo huhitaji zifute, maana najua shemeji amekujazia mechi za mpira humo. Ukiulizwa na kompyuta yenyewe kama ijisasishe, kubali. Ikibaki nzito, usiiguse tena, mpe Otieno aniletee, nami nitaifungua. Na unisamehe kwa kukuwekea kitu ambacho hata wakati ule moyo wangu ulikuwa na shaka nacho. Nilitaka Krismasi ile muone kijana wenu ni mtaalamu.

Mzee Kamau tumeongea. Nilimwambia siweki tena ile programu kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Alinuna siku kadhaa. Hajanifukuza, lakini akija mteja wa namna hiyo humhudumia mwenyewe, nami nasikia ile "Itakuwa mpya kabisa, mama" kutoka upande wa pili wa duka, na ninainamisha kichwa. Sijui kama hiyo inatosha. Mara nyingine naona haitoshi.

Wiki iliyopita Jerotich alikuja dukani ameshikana mkono na mwanamume mmoja mwenye fimbo nyeupe, mwenzake asiyeona, anayefundisha muziki. Nilisimama. Nilidhani amekuja hatimaye kunisema mbele ya watu, na dada, ningeshukuru. Badala yake akampapasia yule bwana kiti, akamkalisha, akaweka kompyuta ya huyo bwana mezani mbele yangu.

"Huyu ndiye fundi niliyekwambia," akamwambia. "Ndiye aliyeniharibia mtihani."

Yule bwana akageuza uso kuelekea kwangu. "Na umenileta kwake?"

"Nimekuleta kwake," akasema Jerotich. "Mwachie. Lakini usiondoke hadi uisikie."

Nilifanya kazi ile huku wote wawili wamekaa mbele yangu kimya, wanasikiliza vidole vyangu. Mzee Kamau, aliponiona nikifumba macho kila nilipoiwasha, aliuliza mara mbili kama naumwa.

Msalimie Baba mdogo Okoth, na umwambie redio yake sijaisahau. Msalimie shemeji na mikono yake ya ujenzi, na shangazi Adhiambo anayetuombea kila Jumapili. Mwambie aniongezee maombi. Watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako anayekuwaza,

Ouma