Zimwi Lililovaa Akala

Kitale,
9 Mei 1991

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote walio hapo Sirisia. Je, goti lako limepata nafuu tangu mvua ianze? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho haijatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Dada Rahab alinieleza kwamba unauliza ni kazi gani hii ya mtu mzima kuchezea udongo. Usicheke, Baba. Mimi na Bwana Thuo, yule mwenye studio ya picha, tunatengeneza sinema ya kuwafundisha wakulima kutunza mahindi ghalani. Ndani yake kuna zimwi linalokula mahindi ya mkulima mvivu, na zimwi hilo nimelifinyanga mimi. Mifupa yake ni waya, nyama ni udongo niliouchanganya na nta na mafuta usikauke, meno ni punje za mahindi. Nalisogeza kidogo tu, Bwana Thuo anapiga picha. Nalisogeza tena, anapiga tena. Kutwa nzima tunapata hatua tatu. Picha zikipitishwa haraka, linatembea lenyewe.

Shida ilikuwa uso. Nilipoumaliza mara ya kwanza niliona ni uso wa marehemu kaka Situma. Nikaubonda. Nikaanza upya, pua pana, masikio ya popo. Kufika jioni ni Situma tena, na kile kidevu chake kilichochongoka. Mara nne, Baba. Ya tano Bwana Thuo akaniambia niache hivyo bana, huyu ni mzuri, ama ati nataka malaika? Tulikuwa tumekubaliana zimwi liwe peku. Nilipokuja kushtuka, vidole vyangu vilikuwa vimeshalivika akala, zile ndara za mpira wa gari.

Wiki jana filamu ilirudi kutoka Nairobi ilikosafishwa, tukaitazama ukutani. Zimwi linaingia ghalani, linainama, linakula. Halafu linaacha kutafuna, linageuza shingo na kutazama pale nilipokuwa nimesimama. Mimi sikuligeuza shingo. Bwana Thuo anasema niliigeuza nikasahau, kwa uchovu. Huenda. Lakini ule mtazamo naujua, nimeishi nao miaka saba, na ninauogopa.

Unaikumbuka njaa ya themanini na nne, Baba. Uliweka mbegu za kupanda ukaapa kwamba atakayezigusa si mtoto wako. Mbegu zikapungua. Ukamwaga jivu mlangoni mwa ghala, na asubuhi tukakuta nyayo za akala zenye kisigino kilichokatika. Akala hizo zilikuwa za Situma. Alikana, ukamchapa, ukamfukuza. Akaenda kufanya vibarua Kachibora, homa ikamkuta huko, nawe ukakataa aletwe kuzikwa nyumbani.

Baba, nilizivaa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na njaa ilikuwa imenishika. Nilikuona ukimwaga jivu, ndipo nikaenda kuzichukua akala zake. Situma alilikuta jivu kwenye akala, akajua ni mimi. Ulipokuwa ukimchapa aligeuza shingo akanitazama, na hakulitaja jina langu. Mimi nilinyamaza. Nikanyamaza hata habari ya kifo chake ilipofika.

Lori la sinema litakuwa sokoni Sirisia Jumamosi ya tarehe kumi na nane, nami nitakuja nalo. Watu watalicheka zimwi. Wewe utamjua mwanao. Akigeuza shingo, usiinamishe kichwa, kwa maana si wewe unayetazamwa. Nitakuwa nimesimama nyuma yako. Ninachoomba ni kimoja tu: mrudishe Situma nyumbani, hata kama ni mimi nitakayefukuzwa.

Msalimie Mama, lakini usimpe barua hii kabla hujakaa nayo peke yako. Wasalimie majirani na wote wanaoniulizia.

Ni mimi, kama bado unakubali niitwe mtoto wako,

Nanyama