Gari Lililoshuka Lenyewe

Jumamosi, Nyasho

Mgongo unauma, na mafuta ya haidroli hayatoki kwenye kucha. Lakini gari limepona. Kesho nitampeleka mama mkwe Bunda kwa dada yake mgonjwa, kama paipu mpya haitavuja.

Kilichonichosha zaidi ni ubishi wa mke wangu. Gari hili halina springi, linabebwa na mafuta yenye presha. Nilikuwa nimelipandisha hadi mwisho, nataka kuingia chini kubadilisha paipu ya mafuta iliyochakaa, Bhoke akaja akasimama mbele yangu.

"Baba Rhobi, huingii humo bila stendi."

"Si limesimama lenyewe? Siku zote ninaingiaga hivihivi."

"Leo huingii."

Nikaenda kwa jirani kuazima stendi za chuma za kuegemeza gari, huku nanung'unika njia nzima. Nikazipanga chini ya chasisi, nikalala chali, nikaingia.

Sijashika hata spana vizuri, paipu ya zamani ikaachia. Mafuta yakaruka, gari zima likashuka kwa kishindo na kukaa juu ya stendi. Chasisi ilisimama kiganja kimoja tu juu ya kifua changu.

Nilitambaa nikatoka. Bhoke alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia asante, lakini sauti iliyotoka ilisema, "Niletee maji ninawe."

Akaleta. Akaninawisha yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja.