Kigari Chepesi cha Beda

Mwanangu Skola,

Wewe mtoto una masikio kweli? Mpunga umepandwa, umepaliliwa, umevunwa, na wewe hujakanyaga hapa. Kila garimoshi la Mbeya likipiga honi naacha nilichoshika, nasikiliza, halafu narudi kukishika. Najua masomo ya uuguzi yana mitihani. Najua nauli. Hata hivyo nakugombeza, maana huko hosteli hakuna wa kukugombeza kwa upendo. Maneno haya anaandika jirani yetu Mama Oska, kwa kuwa mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemkataza kuyalainisha.

Nina habari, lakini sikupi mpaka nikukumbushe ilikoanzia.

Unakumbuka tulivyokaa barazani na mama mkwe wako, alipokuja kutoka Mkula? Nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye dungu nikifukuza ndege wa mpunga, na daktari alishanikataza kumbeba mwanao Beda mgongoni. Kichwani nabeba, maana nasimama wima. Kuinama ndiko kunaniua. Mkwe akaweka kikombe chini, akasema, "Mkwe, tusidanganyane. Shamba lako liko mbali na mtoto bado anatembea kama bata. Utamwacha na nani? Mimi nina wasichana nyumbani. Nipe mjukuu wangu."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma. Tukakubaliana mbele yako: nikiweza kwenda na Beda shambani mpaka mavuno, abaki kwangu. Nikishindwa, aende Mkula. Wewe ulikuwa unamtazama mtoto, na mimi nilijua unachowaza, kwamba kila akihamishwa nyumba ndivyo atakavyozidi kukusahau.

Asubuhi yake ukasema, "Mama, sokoni kwenye mitumba kuna vigari vya kusukuma watoto. Twende." Nikakujibu kwamba vile ni vya watu wenye lami. Ukanivuta mkono tu.

Yule kijana wa mitumba alikuwa navyo viwili. Kile kikubwa ulikipenda mara moja, na sikulaumu, kilikuwa kizuri. Magurudumu makubwa ya chuma kinachong'aa, paa la kukunja, ndani mna kijigodoro. Kitanda kizima kinachotembea. Kile cha pili kilikuwa kimetupwa chini ya makoti: mabomba mawili membamba, kitambaa cha mistari ya buluu, magurudumu madogo kama vifuniko vya chupa ya chai, na kinajikunja kama mwavuli. Ukasema, "Hiki si cha kudumu, mama. Tazama kikubwa kilivyokaa imara."

Mimi nilikuwa naufikiria ule mti uliolazwa tunaovukia mfereji wa shambani. Juu ya mti ule hakuna kigari kinachopita na mtoto ndani. Kikapu kitakuwa kichwani, mkono mmoja umemshika Beda, umebaki mkono mmoja. Basi nikamwomba yule mama muuza maji ndoo yake, nikajitwika, nikainua kigari kikubwa kwa mkono mmoja. Hakikutoka ardhini. Maji yakanimwagikia shingoni. Kijana akasema, "Bibi, hicho ni cha kusukuma, si cha kubeba."

"Wewe ulishafika shambani kwangu?" nikamuuliza.

Nikainua kile kidogo. Skola, nilidhani kimebaki chini. Nilizunguka nacho meza ya makoti na ndoo kichwani, watu wameacha kununua wananitazama, na wewe umejifunika kanga mpaka machoni. "Mama, unanitia aibu," ulisema humo ndani. Nikakwambia aibu haijawahi kumlea mtoto wa mtu.

Tena ukafikiri tumemaliza. Nikaazima debe la mpunga kwa wauza nafaka, maana Beda uzito wake ndio huo, nikalikalisha kwenye kigari na kulifunga mkanda. Kijana akaniuliza kama huyo mtoto ana jina. Nikasukuma hadi pale kwenye bomba la maji, penye tope. Hapo nusura nishindwe. Vile vigurudumu vya mbele vikazama, kigari kikainama, debe likataka kupiga mwereka. Wote wakacheka, na wewe pia, nilikuona.

"Unaona sasa?" ulisema. "Tuchukue kikubwa tu."

Nikageuka. Nikakivuta kinyumenyume, vishikio vimeinuka kidogo, kama tunavyoukokota mtumbwi uliokwama mchangani. Kikatoka. Kikapita tope lote na debe limetulia.

"Mama, vigari vya watoto havivutwi."

"Nani kasema? Alikuwepo hapa?"

Kicheko kikageuka. Hata yule kijana alisema bibi apewe hicho hicho kidogo, tukakinunua. Jioni ile uliondoka na garimoshi, ukiwa bado umeninunia kwa sababu ya ndoo.

Sasa sikiliza. Mvua zilikuja kama unavyozijua, na udongo ule mweusi ukawa ugali. Nilienda. Nilisukuma penye njia kavu, nikavuta penye tope, nikakwangua magurudumu kwa kijiti kila tulipopumzika. Penye mti wa mfereji, mume wangu Beda hushuka mwenyewe, ananipa mkono na kusema, "Bibi, pole pole," kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kutembea. Watu wa njiani walituita abiria na dereva. Nilikuwa nachoka, sikufichi. Zipo siku nilifika shambani nikakaa chini kwanza, jembe likaningoja.

Mkwe alikuja wakati tunapiga mpunga, bila kutoa taarifa, kama mkaguzi. Mama Oska anasema mkwe alimuuliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Kaenda shambani na bibi yake."

"Kabebwa na nani?"

"Nenda ukaone, mama. Mimi nikisema hutaniamini."

Akaja. Alitokea kwenye majaruba, ndala moja mkononi, nyingine imemezwa na tope, kanga imelowa hadi magotini. Akamkuta mjukuu wake kivulini kwenye kigari, amefungwa mkanda, anapiga kopo kwa kijiti kufukuza ndege, mdomo umejaa kisamvu. Hakuna aliyekuwa msafi kumshinda pale.

"Karibu mkwe," nikasema. "Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kuona."

"Basi ona."

Jioni tukarudi naye. Kwenye mti wa mfereji alivuka wa kwanza, akageuka akasimama ananitazama. Kikapu kichwani, Beda mkono huu, kigari kimekunjwa mkono huu. Sikuharakisha hata kidogo. Nilivuka kama bibi harusi. Upande wa pili akasema, "Lete, nisukume mimi."

"Hapo hakisukumwi, mkwe. Kinavutwa."

Alivuta kinyumenyume njia nzima ya tope, mguu mmoja peku, anacheka mpaka anasimama kupumua, na Beda anampigia kopo ili aongeze mwendo. Tulipofika nyumbani alinawa miguu, akanywa chai. Kisha akasema, "Abaki. Mimi nitakuwa nakuja kumsukuma."

Ndiyo habari yenyewe, mwanangu. Nimeshinda. Mtoto yuko kwenye nyumba ile ile uliyomwacha, analala upande ule ule wa kitanda, na kila usiku namtajia jina lako kabla hajasinzia. Mgongo wangu umenyooka, namba ya viatu vyake imeongezeka, na mimi natembea Ifakara hii kama mwenye gari. Soma kwa raha. Uwe muuguzi hasa, wa kumuuliza mgonjwa anaishije kabla ya kumkataza.

Kingine ni hiki, na usilie juu ya karatasi. Ukishuka stesheni utatukuta tunakungoja. Usimkimbilie Beda. Usimnyakue kwa kumkumbatia, atakuogopa, nawe utaumia bure. Nisalimie mimi, kisha simama nyuma ya kigari, shika vishikio, sukuma, na usiseme kitu. Mwache ageuke mwenyewe kutazama ni nani.

Mama yako,
bibi yake Beda