Kiti cha Pili

Ujiji,
12 Agosti 1968

Kwako mume wangu Amuri,

Salamu zikufikie huko Bujumbura. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepona, na dagaa mwezi huu wamejaa hadi paka wanachagua.

Habari kubwa ni gari lako la mashindano, lile alilokuachia Mgiriki alipohama. Tangu uondoke limekaa uani, kuku wanataga ndani, na jirani yetu Bibiana anaanika dagaa juu ya boneti. Wavuvi walikuja kuitaka injini waifunge kwenye mtumbwi wao, nusura nikubali. Kwanza nikamwita fundi Ignas alitazame. Alilala chini yake, akagonga chuma, akatoka anacheka: "Mama, hii kutu ni ya juu tu. Mifupa mizima. Ukilitupa utajuta."

Basi analitengeneza, na mimi ananifundisha kuendesha. Jana nilifika Kasingirima na kurudi bila kuzimisha injini.

Watu wanaotoka huko wanasema una nyumba nyingine. Sikuulizi.

Ila gari hili lina viti viwili tu. Cha usukani nimeshakikalia mimi. Cha pili panya wamekila, na Ignas anauliza akishone upya, au akitoe aweke ubao wa kupakia dagaa nikauze Kidahwe. Nimemwambia angoje jibu lako.

Moyo wangu unataka kishonwe. Lakini usikawie, Amuri. Ubao ameshaupiga randa.

Ni mimi mkeo,
Mwanakheri